Mtungi mkubwa? Geuza jani kwanza
Ukipata Nepenthes (mmea unaonasa wadudu kwa majani yenye umbo la mtungi) yenye mitungi mikubwa kupindukia, usikimbilie kuiita aina ya rajah. Geuza jani: kwa rajah iliyokomaa, kikono kinachobeba mtungi huchomoza upande wa chini, kabla ya kufika nchani, na kifuniko ni kikubwa mno. Kwenye mche mdogo alama hiyo haionekani vizuri, kwa hiyo subiri. Jani lililokatika bapa mwishoni, kana kwamba limepitiwa na kisu, linaelekea aina nyingine, truncata ya Ufilipino. Machotara nayo ni mengi.

Rajah ni ya milima ya Kinabalu na Tambuyukon, Borneo. Usiku usipopoa, hudumaa. Mwagilia maji ya mvua. Mbolea usitie kabisa kwenye udongo, mizizi yake ni laini na huungua upesi.