Mazungumzo ya ana kwa ana na mfanyakazi, kabla hajaleta barua ya kuacha kazi

Mkata minofu mzuri hakosi kazi Mwanza. Mkono uliozoea kutoa mnofu wa sangara bila kuacha nyama kwenye mfupa unatafutwa na kila kiwanda cha samaki. Akileta barua, kama analipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, lakini kufikia hapo moyo wake umeshahama zamani. Unabaki na mikono tu.

Ninachowafundisha wakuu wa zamu ni kukaa na kila mtu wao, wawili tu, kwa ratiba. Mifano yangu ni ya kiwandani. Mwenye gereji Nyakato au nyumba ya wageni Kirumba atabadilisha maneno machache tu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya muda

Watu 10 kwa nusu saa kila baada ya wiki mbili ni saa 5. Mwenye watu 30 angehitaji saa 15, hataziweza. Afanye dakika 20 kwa kila mtu mara moja kwa mwezi, jumla saa 10, au awagawie viongozi wa meza za kukatia samaki. Usipange saa ya kushusha samaki. Mzigo ukichelewa kutoka visiwani unaweza kuongeza mazungumzo, ila ratiba ibaki palepale. Wafanyakazi wanaona haraka sana kama bosi huwakumbuka siku ambayo samaki hawapo tu.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Mnapoonekana lakini hamsikiki. Benchi la nje linatosha. Ofisini mlango ukifungwa, meza nzima inauliza nani kashtakiwa; na mkuu wa zamu mwanamume akijifungia na binti wa kazi, umbea unaanza kabla hawajatoka. Kwa mama ntilie getini ndiyo kabisa usiende.

Hatua ya 3: Ajenda iwe yake

Andrew Grove, aliyeiongoza Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, alisisitiza kwamba kikao cha namna hii ni cha mfanyakazi, si cha bosi. Mwambie siku moja kabla: "Kesho njoo na unachotaka tukizungumze." Kama alikosea kazini, yamalize siku ileile ya kosa. Ukiyaleta hapa, kikao kijacho atakuja na utetezi tu.

Hatua ya 4: Vuka "hakuna shida, bosi"

Hapa ndipo wengi wanakwama. Unauliza, "Una tatizo lolote?" Anajibu, "Hakuna shida, bosi," dakika tatu zimekwisha. Hasemi uongo. Ni adabu, na pia anajua waliowahi kusema wakaonekana wakorofi.

Kama amekuzidi umri, shikamoo itangulie, hata kama wewe ndiye mkubwa wa kazi. Kisha uliza kuhusu kazi, usianze na hisia zake: "Mama, juzi meza yenu ilichelewa kufunga. Kiliwakwamisha nini?" Atakwambia visu ni butu, au mabuti yanaingiza maji. Andika. Swali la pili: "Ungekuwa wewe mkuu wa zamu, ungeanza kubadilisha nini?" Hapo anaweza kukosoa bila kukukosoa wewe. Swali zito liache mpaka kikao cha tatu au cha nne: "Kiwanda kingine kikikuita kesho, kipi kingekuzuia usiende?" Ukishauliza, nyamaza. Kimya kikiwa kirefu, usikijaze wewe.

Mara nyingi jibu si mshahara peke yake. Ni zamu ya usiku inayoisha daladala za Igoma hazijaanza, au mdogo wake wa jana aliyepandishwa cheo bila maelezo.

Hatua ya 5: Tenganisha haki na ombi

Saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa muda wa kunyonyesha wa hadi saa mbili kwa siku. Haya hayana "nitaangalia". Yarekebishe mara moja. Nyongeza ya mshahara ni ombi. Kama huna mamlaka, sema hivyo na utaje siku ya jibu: "Nitampelekea mkurugenzi, Ijumaa nakuletea alichosema." Ijumaa ikifika jibu likiwa hapana, mpelekee hiyohiyo hapana pamoja na sababu yake. Ukikaa kimya, atajua mazungumzo yenu ni porojo.

Hatua ya 6: Daftari

Alichosema, ulichoahidi, tarehe. Mambo ya ugonjwa na ndoa usiyaandike. Kikao kinachofuata kianze na ahadi ya mwisho: mabuti yalikuja, au bado, na kwa nini. Ukilazimika kuahirisha, taja siku nyingine ndani ya wiki hiyohiyo.

Wapo watakaoondoka hata ukifanya yote haya. Mtu wa Ukerewe anayerudi kulea wazazi humzuii kwa maswali mazuri. Mpe cheti chake cha utumishi kama sheria inavyotaka, na muulize nani mezani anafaa kushika nafasi yake.