Jinsi ya kuchagua helmeti ya lami na vumbi kwa bei nafuu

Helmeti ya pikipiki ya lami na vumbi, ile inayouzwa kwa jina la dual sport au adventure, hufanya kazi mbili kwa ganda moja. Kwa helmeti za motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za vumbi, imechukua kinga ya jua juu ya paji la uso, kidevu kilichochomoza mbele ili mtu apate nafasi ya kuhema, na uwazi mpana unaopokea miwani ya vumbi. Kwa helmeti za barabarani imechukua kioo cha kufunga na kufungua, sponji nene zinazopunguza kelele, na matundu ya hewa yanayofungika.

Madukani utazikuta nyingi zinazofanana sura lakini bei zake zimeachana mbali. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hulipia wepesi, utulivu wa sauti, michoro na jina la kampuni. Mambo mawili yanayokiokoa kichwa, yaani helmeti kukukaa sawasawa na kupita vipimo halali, yanapatikana hata kwenye za bei ya chini. Ila lazima uyakague mwenyewe, kwa sababu muuzaji atakuonyesha kwanza michoro.

Pima kichwa, kisha angalia umbo lake

Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe kichwani sentimita mbili na nusu hivi juu ya nyusi, ipite juu ya masikio, ifike pale kisogo kinapochomoza zaidi. Pima mara tatu na uchukue namba kubwa. Kwa viwanda vingi, sentimita 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, na 61 hadi 62 ni XL. Hata hivyo kila kiwanda kina jedwali lake, na wakati mwingine hata toleo moja hutofautiana na jingine la kiwanda hichohicho. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, anza kujaribu ndogo: sponji hulainika kwa kuvaliwa, na helmeti inayobana kidogo leo itakaa vizuri baada ya muda. Iliyolegea leo itazidi kulegea.

Mzingo peke yake hautoshi. Kuna vichwa vya mviringo, vya umbo la yai, na vya yai refu lenye pande nyembamba. Helmeti ikikugandamiza kwenye paji huku pembeni kuna nafasi, ina umbo la duara kuliko kichwa chako. Ikikubana juu ya masikio huku mbele na nyuma kukiwa wazi, ni nyembamba mno kwako. Wengi hapa hukimbilia saizi kubwa zaidi, na ni kosa: maumivu yanapungua mahali pamoja, helmeti inalegea kwingine kote. Badilisha toleo.

Uliza pia toleo hilo lina saizi ngapi za ganda. Ili kupunguza gharama, baadhi ya viwanda hutumia ganda moja kwa saizi zote na kujaza tofauti kwa sponji. Mwenye kichwa kidogo huishia kubeba ganda la mwenye kichwa kikubwa, na shingo ndiyo inayolipa.

Kuijaribu

Shika mikanda miwili ya kidevu, ivute kwa nje, kisha ingiza kichwa. Inapaswa kuingia kwa kusukuma kidogo. Mashavu yabanwe kiasi kwamba ukitafuna unahisi ndani ya shavu likigusana na meno. Kwa helmeti mpya hilo ni sawa. Funga mkanda hadi ubaki upenyo wa kidole kimoja au viwili chini ya kidevu.

Sasa kaza shingo, shika kinga ya kidevu kwa mkono, uigeuze kushoto na kulia, halafu juu na chini. Ngozi ya paji na mashavu lazima iifuate helmeti. Ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa. Jaribio linalofuata ndilo wengi huliruka, nalo ni muhimu kuliko yote: mkanda ukiwa umefungwa, mtu mwingine ashike ukingo wa chini nyuma ya kisogo na kuisukuma juu kuelekea mbele. Helmeti ikichomoka, au ikishuka ikafunika macho, iache hapohapo hata kama bei yake inavutia. Kwenye ajali helmeti ya namna hiyo hutoka kichwani kabla mwili haujatulia.

Kaa nayo kichwani dakika 20 hadi 30, kisha uivue na ujitazame kwenye kioo. Wekundu mwepesi ulioenea hauna neno. Alama kali mahali pamoja, hasa katikati ya paji, ina maana kwamba baada ya saa moja ya safari utaumwa kichwa. Jaribu ukiwa na mtindo wa nywele unaopanda nao pikipiki, kwa kuwa mafundo ya nywele zilizosukwa huinyanyua helmeti na kuvuruga kipimo chote.

Kama unatumia miwani ya vumbi, nenda nayo dukani. Fremu yake yote ikae ndani ya uwazi bila kubana pua. Mvaaji wa miwani ya macho ahakikishe mikono ya miwani inapita moja kwa moja kando ya masikio. Mwisho, sukuma kinga ya kidevu kuelekea usoni kwa kiganja: isiguse midomo wala pua. Pitisha kidole ndani yake vilevile, chini ya kitambaa. Unatakiwa kukuta povu gumu. Ukikuta plastiki tupu au sponji laini peke yake, kidevu chako hakina wa kukipokelea pigo.

Lebo

Neno DOT nyuma ya helmeti linarejelea kanuni ya Marekani, FMVSS 218. Kwa utaratibu huo kiwanda hujithibitishia chenyewe, kisha mamlaka hununua baadhi ya helmeti zilizoko sokoni na kuzipima. Ndiyo maana stika yake ni rahisi kughushi. Lebo halali ina jina la mtengenezaji, jina la toleo, neno DOT, maneno FMVSS No. 218 na neno CERTIFIED. Stika yenye herufi tatu tu, ambayo unaweza kuibandua kwa ukucha, haithibitishi kitu.

Kipimo cha ECE namba 22, kanuni ya Umoja wa Mataifa inayotumika Ulaya, hufanyika kabla helmeti haijaingia sokoni, na lebo yake kwa kawaida hushonwa kwenye mkanda wa kidevu. Tafuta herufi E na namba ndani ya duara. Namba hiyo ni ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 9 Hispania, 11 Uingereza. Haisemi helmeti imetengenezwa wapi. Karibu na duara kuna namba ndefu. Ikianza na 06, helmeti imepita toleo jipya zaidi, linalopima mapigo ya kasi tofauti pamoja na nguvu zinazozungusha kichwa. Ikianza na 05 ni toleo la kabla yake. Baada ya mkwaju (/) huja herufi, na hii ndiyo inayosahaulika: P ina maana kinga ya kidevu imepimwa na inalinda, NP ina maana hailindi, J ni helmeti isiyo na kidevu. Kwa njia za mawe unahitaji P.

Uingereza ina mpango wa serikali uitwao SHARP, unaozipa helmeti nyota moja hadi tano, na matokeo yake yako wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Ukiyapitia utaona nyota nyingi hazifuatani na bei. Alama ya Snell, taasisi binafsi ya Marekani inayopima helmeti, ni ya hiari. Ni nzuri, lakini usiiruhusu ikulazimishe kununua helmeti isiyokukaa.

Mkono nao hugundua bandia. Helmeti kamili yenye kinga ya jua kwa kawaida huwa na kilo 1.4 hadi 1.8, na povu lake gumu hukaribia milimita 25. Ukiinua inayoonekana kamili lakini ni nyepesi kama ndoo tupu, kuna kitu kimeondolewa, na karibu kila mara ni povu.

Ganda, kioo na kinga ya jua

Ganda la plastiki, yaani polikaboneti au ABS, ndilo la bei nafuu. Huwa zito kidogo kuliko la faibaglasi au kaboni, lakini hupita vipimo vilevile. Adui zake ni petroli, thina na baadhi ya rangi na gundi, ambazo huidhoofisha plastiki bila kuonyesha ufa. Usiipake rangi.

Kioo kipime kwa macho. Kifunge, tazama ukingo ulionyooka kama fremu ya mlango, na usogeze kichwa polepole. Mstari ukijipinda, macho yatachoka njiani. Angalia kama mpira unaziba kote na kama kuna pini mbili za kushikia kioo cha ndani cha kuzuia ukungu. Kabla ya kulipa, uliza kama vioo vya akiba vya toleo hilo vinapatikana, maana vumbi litakikwaruza cha kwanza. Kioshe kwa maji; kufuta vumbi kikavu ni sawa na kukipiga msasa. Kioo cheusi ni cha mchana tu.

Kinga ya jua husaidia jua likiwa chini na tairi la mwenzako aliye mbele likirusha mawe, lakini kwenye mwendo wa kasi upepo huikamata na kukivuta kichwa nyuma, au pembeni unapogeuka kutazama. Chagua yenye matundu ya kupitisha upepo na inayoweza kutolewa ukiwa na safari ndefu ya lami. Skrubu zake nyingi ni za plastiki kwa makusudi, ili zikatike unapoanguka badala ya kinga kukukunja shingo. Usibadilishe na za chuma.

Matundu ya hewa yamulike kwa tochi ukiwa umetoa sponji. Kwenye helmeti nzuri mwanga unapita kwenye mifereji ndani ya povu. Kwenye nyingi za bei ya chini tundu la nje linaishia kwenye povu zima, likiwa pambo tu, na kwenye mchanga au kilima cha mwendo wa polepole utaloa jasho.

Mkanda wa pete mbili zenye umbo la herufi D unafaa zaidi kwenye tope, kwa kuwa hauna meno ya kujaa uchafu. Kifungo cha meno ni cha haraka. Kioshe mara kwa mara.

Pa kupunguzia gharama

Acha kaboni, spika, michoro na kioo cheusi cha ndani, ambacho huongeza uzito. Chukua rangi za msimu uliopita baada ya kusoma tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo ya ndani. Nyeupe ni chaguo jema: utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, ulihusisha helmeti nyeupe na hatari ya ajali iliyo chini kwa asilimia 24 ikilinganishwa na nyeusi. Tabaka la ndani linaloteleza ili kupunguza nguvu zinazozungusha kichwa, kama MIPS, lina thamani ikiwa tofauti ya bei ni ndogo, lakini lisitangulie mbele ya saizi.

Usinunue iliyotumika. Povu hufanya kazi kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi, huku ganda la nje likibaki linang'aa. Kwa sababu hiyohiyo usiitundike kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, ambacho huchimba povu taratibu, na uibadilishe baada ya pigo lolote kichwani ukiwa umeivaa. Bila ajali, badilisha baada ya miaka mitano hivi ya matumizi. Andika tarehe uliyoanza kuivaa kwenye lebo ya kitambaa iliyo ndani.