Mafuriko ya Ghafla: Mambo ya Kuamua Kabla Wingu Halijatanda

Anza na swali hili: maji yanayopita karibu na nyumba yako yanatoka wapi? Wengi wetu tunaangalia anga ya juu ya paa letu tu, na tukiona nyota tunalala. Mnamo Oktoba 29, 2024, mji wa Paiporta ulio jirani na Valencia, Hispania, haukupata mvua ya kutisha. Mvua ilikuwa imepiga huko juu, ambako kituo cha Turís kilipima milimita 184.6 ndani ya saa moja. Maji yakashuka na korongo mpaka mjini. Wapo waliofariki wakiwa wameteremka kwenye maegesho ya chini ya jengo kuokoa magari yao. Tahadhari iliingia kwenye simu baada ya saa 2 usiku, mitaa ikiwa imeshajaa. Kwa hiyo utabiri wa kufuatilia ni wa kule mto unakoanzia, pamoja na wa kwenu.

Jifunze pia kusoma milimita. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni tani 50,000 za maji, na kama eneo hilo ni mteremko, zote zinakimbilia kwenye mfereji uleule mmoja. Muda ndio unaoua: kiasi hichohicho kikinyesha kutwa nzima, ardhi hunywa, kikimwagika kwa nusu saa, hakina pa kwenda. Na hali ya ardhi yenyewe uijue mapema. Udongo ulioloa kwa wiki nzima umeshiba. Ule uliokauka ukawa mgumu kama sakafu hauwahi kunywa mvua ya kasi. Mlima uliochomwa moto hauna tena majani ya kupunguza mwendo wa maji, na lami na saruji hazinywi kabisa.

Kagua kalavati, madaraja na matuta yaliyo juu yako. Magogo na takataka vikiziba tundu, tuta linageuka bwawa ambalo hakuna aliyelijenga kama bwawa. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli yalipasua njia yakaua makumi ya watu waliolala. Mtaro usafishwe kiangazi. Mvua ikishaanza, usimtume mtu kwenda kuuzibua.

Dalili za mto ni chache na hazisubiri. Maji yaliyokuwa maangavu yanaingia wekundu wa udongo. Vijiti na majani vinaanza kupita. Halafu unasikia ngurumo isiyokatika, mawe yakigongana chini ya maji. Wakati mwingine mto hupungua ghafla, na hiyo nayo ni hatari, kwa sababu huenda kuna kitu kimeuziba juu. Ukiona lolote kati ya haya, panda. Usikimbie kufuata bonde, maji yatakupita. Julai 4, 2025, mto Guadalupe huko Texas, Marekani, ulipanda karibu mita 8 kwa dakika 45, kabla hakujapambazuka.

Kuhusu gari, naomba tukubaliane leo, tukiwa wakavu. Maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 husukuma gari dogo, na 60 hubeba karibu magari yote. Tena chini ya maji ya tope huoni kama barabara bado ipo. Hata dereva wa basi akisema anaijua njia, shuka.

Mfuko wa vitambulisho, dawa na tochi unajulikana, uwe tu karibu na mlango. Kazi kubwa zaidi ni kuchagua mahali pa juu pa kukimbilia bila kuvuka mkondo wowote, na kupanga nani atambeba bibi na nani atawashika watoto mikono. Kisha mtembee njia hiyo wote, usiku, mkihesabu dakika. Zikizidi kumi, tafuteni kilima kingine kilicho karibu zaidi.