Namna ya kumwamsha mzee alfajiri asianguke

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwatembelea wazee majumbani katika shehia za Wete, Pemba, na vijiji vya jirani. Wengi walioanguka niliowahudumia hawakuanguka mbali; walianguka baina ya kitanda na choo, adhana ya alfajiri ikiadhiniwa au muda mfupi kabla yake. Jamaa husema, "Ni uzee tu." Siikubali kauli hiyo, kwa sababu anguko la saa hiyo lina sababu zinazojulikana, na nyingi kati yake zinaweza kuondolewa na mtu anayeishi naye nyumba moja.

Mtu anapoinuka kutoka kulala na kusimama, takriban nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Kwa kijana, vihisio vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingo na karibu na moyo hulitambua jambo hilo papo hapo, moyo ukaongeza kasi na mishipa ikajikaza, naye asihisi kitu. Kwa mzee mishipa imekakamaa na vihisio vimepoteza wepesi wake, hivyo ubongo hukosa damu ya kutosha kwa sekunde kadhaa. Hicho ndicho kisunzi anachokilalamikia, na sekunde hizo zinatosha kumwangusha.

Hatua ya kwanza: itengeneze njia tangu usiku

Anza na kitanda. Mzee akikaa ukingoni, nyayo zake zote mbili ziguse sakafu. Samadari ya kale ni fahari ya nyumba, lakini mzee anayeteremka kwa kukanyaga kigoda gizani yumo hatarini. Mhamishieni kitanda cha chini, hata kama atanung'unika siku mbili tatu. Ondoa mkeka ulio mbele ya kitanda, kwa kuwa huteleza au humkwaa. Acha taa ndogo ikiwaka hadi chooni, kwani jicho la mzee hupitisha mwanga mchache na huchelewa kuzoea kiza. Ama mitalawanda, viatu vya mti, naiheshimu kama kitu cha wazee wetu, lakini mti uliorowa juu ya saruji iliyorowa haumfai mtu wa miaka themanini. Mnunulie viatu vya mpira vyenye kamba ya kisigino.

Hatua ya pili: tazama maji na dawa

Hamu ya maji hupungua kwa umri, kwa hiyo mzee anaweza kuwa mkavu bila ya kuona kiu. Wengine hujizuia makusudi kunywa ili wasisumbue watu usiku kwa kwenda haja. Mpe maji kidogo kidogo tangu asubuhi hadi alasiri, isipokuwa daktari awe amemwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo. Kisha zikusanye dawa zake zote katika mfuko mmoja na uzipeleke kituo cha afya. Dawa za presha, za kukojoza, za tezi ya kiume na za usingizi zinaweza kuzidisha kisunzi, hasa zikikutana. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako. Uliza kama saa au kipimo kinaweza kubadilishwa.

Hatua ya tatu: mwamshe, mkalishe, ndipo asimame

Mwite kwa sauti nzito na ya utulivu, upande wa sikio linalosikia vizuri zaidi. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza kwa masikio ya wazee, hivyo kupiga kelele hakusaidii. Akiwa bado amelala, apandishe na kuteremsha nyayo mara kumi, ili misuli ya miguu isukume damu juu. Kisha ageukie ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono hadi akae.

Hapo ngojeni dakika mbili. Mimi huzitumia kuuliza swali linalohitaji maelezo: "Bibi, leo tupike nini?" Akinijibu kuwa anataka muhogo wa nazi, na papa asikose, najua kichwa kimetulia. Akijibu neno moja huku macho yameganda, simsimamishi; namrejesha alale na kumwinua miguu.

Akiwa tayari, asogee ukingoni, avute nyayo nyuma ya magoti, ainamie mbele na ajisukume mwenyewe. Usimvute kwa mikono wala kwapani. Nilifanya kosa hilo kwa bibi yangu nilipokuwa mgeni katika kazi, nikamuumiza bega, na kwa wiki nyingi hakuweza kujifunga kanga peke yake. Badala yake, kunja kanga iwe mkanda mpana, umfunge kiunoni juu ya nguo kama kibwebwe, fundo likae ubavuni, kisha usimame upande wake ulio dhaifu na uushike mkanda huo kwa nyuma. Akishasimama, ahesabu hadi ishirini kabla ya kupiga hatua.

Hatua ya nne: pima presha mara tatu

Baadhi ya familia zimenunua mashine ya presha kwa sehemu ya Pencheni Jamii, ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi tangu 2016. Liwe kwa ridhaa ya mzee, kwani fedha ni zake. Mpime baada ya kulala dakika tano, halafu baada ya kusimama dakika moja, na tena dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andika namba zote pamoja na saa na umpelekee daktari.

Hatua ya tano: udhu na sala

Weka chooni kiti imara cha miguu minne, atawadhe amekaa, na maji umtilie wewe. Asiinue mguu mmoja akiwa amesimama. Kuinuka kutoka sijda huleta kisunzi kile kile, na sheria imemruhusu asiyeweza kusimama asali amekaa. Wapo wazee wanaoliona jambo hilo kuwa unyonge. Msibishane nao, mwombeni imamu wa mtaa aje azungumze nao.

Akianguka

Usimwinue mbio. Mwache alale, umuulize panapouma na utazame miguu. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umepinduka nje, huenda nyonga imevunjika: usimsimamishe, na asikandwe na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha hospitali. Akigonga kichwa, hasa ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu isigande, apelekwe hata kama anasema hajambo.

Akiwa mzima, mletee kiti, ageukie ubavu, apige magoti, akishikilie na ainuke kwa mguu wenye nguvu. Wengi baada ya hapo huwekwa kitandani kwa huruma, na miguu hulegea kwa siku chache tu. Kesho yake mkalishe barazani kwenye kiti cha juu chenye mikono, asimame na kukaa mara tano, wewe ukiwa umeushika mkanda wa kanga.