Kuhamishia mche wa mti shambani: mvua kwanza, mizizi pili

Mvua ya kwanza ya Machi isikutie pupa. Kusini mwa Uganda, kuanzia Masaka hadi Mukono, inaweza kunyesha siku mbili tatu kisha jua likarudi wiki nzima, na mche uliotiwa shimoni kwa haraka ukakauka. Piga jembe pale utakapopanda: udongo ukiwa umelowa hadi sentimita 30 kwenda chini, panda. Msimu wa pili huanza Septemba. Gulu na Lira, kaskazini mwa nchi, ambako mvua ni za msimu mmoja mrefu, usivuke Agosti, maana kiangazi cha Desemba kikiukuta mche haujashika, utakuwa mtumwa wa kumwagilia.

Shimo lichimbwe mwezi mmoja kabla. Kwa parachichi au embe, sentimita 60 kila upande na kina hichohicho. Udongo mweusi wa juu uweke kando, usiuchanganye na ule mwekundu wa chini. Huo wa juu ndio utachanganywa na debe moja (lita 20) la samadi iliyooza. Samadi ambayo bado ina joto ndani huunguza mizizi, kwa hiyo isubiri.

Kitaluni watu hukimbilia mche mrefu kuliko yote. Ni kosa. Mara nyingi huo umekaa mno kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, na mzizi mkuu umefika chini ukakosa njia. Chukua wa sentimita 30 hadi 50, shina nene, majani yasiyo na manjano. Ukiusafirisha kwa bodaboda, ufunike kwa gunia bichi. Upepo wa njiani hukausha majani kuliko jua.

Panda jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kiriba saa moja kabla ili udongo ushikamane, kisha pasua plastiki kwa wembe, upande mmoja na chini. Usiuvute mche kwa shina. Sasa tazama chini ya bonge: mizizi iliyojizungusha ikate kwa kisu kikali, hata kama roho inauma. Ukiiacha, mti utakua vizuri miaka miwili mitatu, kisha utadumaa au utaangushwa na upepo, na ukiung'oa utakuta mizizi imejisokota kama kamba ya ng'ombe, haikutoka kamwe nje ya umbo la kiriba.

Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na ardhi. Iache juu kidogo kwa sababu udongo wa shimo utatitia. Kwa parachichi iliyobebeshwa, yaani kikonyo cha mti mmoja kimeunganishwa kwenye shina la mwingine, kiungo (pale vilipounganishwa) kisiguse udongo kabisa. Shindilia kwa mikono, si kwa kiatu, kisha mwaga lita 10 mara moja hata kama kuna dalili ya mvua. Maji hayo hufukuza mifuko ya hewa karibu na mizizi. Mahali panapotuama maji, panda juu ya tuta, maana mizizi ya parachichi huoza upesi.

Tandaza majani makavu ya mgomba, lakini yasiguse shina: acha kiganja kizima wazi, la sivyo mchwa watapata daraja. Mvua ikikatika, lita 10 mara mbili kwa wiki. Kwa mche uliobebeshwa, kiungo kikishikana vizuri, fungua ile plastiki iliyokifunga kitaluni. Ikisahaulika hukaba shina, na juu ya hapo ilipofungwa mche huvimba kama goti.