Tairi Likilika Upande Mmoja: Soma Tairi Kwanza, Alaimenti Baadaye

Wateja wengi wanaofika gerejini kwangu na tairi lililolika upande mmoja huwa wamekwisha kujiandikia dawa wenyewe: wanataka alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa kwa jinsi magurudumu yalivyokaa, na wanaitaka leo. Mara nyingine huwa wamepatia. Hata hivyo, alaimenti ni kazi ya mwisho, si ya kwanza, kwa sababu mashine hupima jinsi magurudumu yalivyosimama gari likiwa limetulia, na haiwezi kujua kwamba bushi iliyochanika (mpira wa kwenye maungio ya chini ya gari) itayasogeza tena utakapokanyaga breki kwenye tuta la kwanza. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia kwa magari madogo ya Kijapani kama Toyota IST, Vitz na Premio.

Hatua ya 1: Soma tairi lilivyolika

Usihamishe matairi ya mbele kwenda nyuma kabla ya kuyakagua, maana utakuwa umemwondoa shahidi wako mahali pa tukio. Geuza usukani hadi mwisho ili uone kashata zote, yaani michoro ya mpira unaokanyaga lami, mpaka ukingo wa ndani, kwa kuwa tairi linaweza kuonekana zima kwa nje ilhali kwa ndani waya zimeanza kuchungulia. Likiwa limelika kingo zote mbili na katikati pamesalia, limetembea na upepo mdogo. Likiwa limelika katikati, upepo umezidi. Ukiona mabonde mabonde kuzunguka tairi, shuku shokapu zilizochoka au balansi iliyopotea. Likiwa limelika ukingo mmoja na uso wake ni laini, shuku kemba, yaani mwinamo wa gurudumu unaoonekana ukisimama mbele ya gari.

Dalili inayowaponyoka wengi ni ya too, yaani matairi mawili kubana au kutanua kwa mbele. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ukingo wa nje kwenda wa ndani, kisha kirudishe. Ikiwa upande mmoja kiganja kinateleza na upande wa pili kinakwaruzwa kama kinapita juu ya meno ya msumeno, hiyo ni too. Matairi yaliyobana hulika zaidi ukingo wa nje, na yaliyotanua hulika wa ndani. Wapo wanaodhani milimita chache si kitu, basi tupige hesabu: tairi lenye kipenyo cha sentimita 60, tofauti ya jumla kati ya umbali wa mbele na wa nyuma wa matairi mawili ikiwa milimita 3 zaidi ya inavyotakiwa, kila gurudumu linakuwa limepinda kiasi cha kuburuzwa kando mita 2.5 katika kila kilomita 1. Kwa safari ya kilomita 1,000, hizo ni kilomita 2 na nusu za kusugua lami.

Hatua ya 2: Weka upepo sawa

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi lenye joto husoma juu kuliko hali yake. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko katika fremu ya mlango wa dereva, na hata maelezo yakiwa ya Kijapani, tarakimu zinasomeka: 230 kPa ni takriban paundi 33. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe, si kiwango cha gari lako.

Hatua ya 3: Tafuta kinachocheza

Hapa usiwe na haraka. Inua gari kwa jeki kwenye sakafu ngumu, liweke juu ya stendi, uzuie magurudumu ya nyuma kwa magogo. Shika tairi kushoto na kulia ulitikise: likicheza, kagua reki ya stelingi (chuma kinachopokea mzunguko wa usukani) na tairodi endi (viungo vya ncha za tairodi, fimbo zinazogeuza magurudumu). Kisha lishike juu na chini. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukipotea, beringi ndiyo mbovu, na ukibaki, geukia boli jointi, kiungo cha mviringo kinachobeba gurudumu. Mwisho, chukua nondo fupi uzibinye bushi za wishiboni (mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini) huku ukizimulika kwa tochi, maana mpira uliochanika hujificha mpaka uvutwe.

Funzo hili nililipata kwa aibu. Nilipokuwa mgeni katika kazi, nilimfanyia alaimenti dereva mmoja wa teksi mara tatu ndani ya miezi miwili, na kila mara karatasi ya mashine ilitoka na kijani kitupu, yaani vipimo vyote sawa, naye kila mara alirudi na tairi la kushoto likizidi kulika kwa ndani. Mara ya nne nilichukua nondo, nikakuta bushi ya nyuma ya wishiboni imeachana kabisa na chuma chake. Pesa ya alaimenti zote tatu nilimrudishia.

Hatua ya 4: Pima too kwa chaki na futi

Kipimo hiki hakishindani na mashine, lakini kitakujulisha kama hali ni mbaya. Zungusha kila tairi la mbele likiwa hewani, ulipake chaki, kisha uchore kwa msumari uliotulizwa mstari mwembamba kulizunguka. Lishushe gari, litikise mbele mara kadhaa ili springi zikae, nyoosha usukani, ulisukume mbele mita chache bila kulirudisha nyuma. Mkiwa wawili, pimeni umbali kati ya mistari kwa mbele ya matairi, kisha kwa nyuma yake, kwa kimo kilekile kutoka ardhini. Umbali wa mbele ukiwa mdogo, matairi yamebana. Ukiwa mkubwa, yametanua. Kwa magari mengi ya aina hii kipimo hukaribia sifuri, lakini kipimo kilichowekwa na kiwanda kwa gari lako ndicho cha kufuata.

Hatua ya 5: Nenda kwenye mashine

Dai karatasi mbili, ya kabla na ya baada, kwani anayekupa ya baada pekee amekunyima ushahidi. Usishangae fundi akisema kemba haina pa kurekebishwa. Kwa magari mengi madogo ndivyo yalivyotengenezwa, na namba ikiwa mbaya sana, kuna kitu kimepinda. Tairodi zote mbili zizungushwe kwa kiasi kinacholingana. Ukitoka na usukani umekaa upande ilhali gari linakwenda mbele, zimezungushwa kwa upendeleo, na una haki ya kurudi.

Hatua ya 6: Jaribu barabarani

Gari kuvutwa kidogo kushoto ni kawaida kwetu tunaoendesha kushoto, kwa sababu barabara huinamishwa kuelekea pembeni ili maji yatiririke. Likivuta sana, badilishana matairi mawili ya mbele, isipokuwa yale yenye mshale wa mwelekeo: mvuto ukihamia upande wa pili, kosa liko kwenye tairi, si kwenye alaimenti. Kisha pima kina cha kashata ndani, katikati na nje, uandike pamoja na kilomita za siku hiyo. Rudia baada ya kilomita 3,000. Pengo kati ya ndani na nje likiwa limeongezeka hata nusu milimita, rudi hatua ya 3 na nondo mkononi.