Kodi ya matajiri na hofu ya kuhama: namna ya kupiga hesabu mwenyewe

Kila mwanasiasa wa jiji kubwa anaposema matajiri waongezewe kodi, jibu huja siku hiyohiyo: watahama, na waliobaki wataachiwa mzigo. Niliyasikia maneno hayo New York mwaka 2021 jimbo lilipopandisha viwango vyake. Nikayasikia tena 2025, Zohran Mamdani alipogombea umeya akiahidi nyongeza ya asilimia 2 kwenye mapato yanayozidi dola milioni 1. Mimi ni mhasibu. Ninajaza ritani, yaani fomu za mwaka za kodi ya mapato, za wakaazi wa jiji hili, wakiwemo wachache ambao nyongeza kama hiyo ingewagusa, na inaniuma kuona jambo zito hivi likijadiliwa kwa makelele wakati sehemu kubwa yake inapigika kwa kikokotoo. Nitakuonyesha ninavyolipima. Mfano ni New York kwa kuwa sheria zake ndizo ninazozifanyia kazi. Ukiwa na jiji lako, badilisha namba.

Kodi ni ya nani, na inamfuata mtu mpaka wapi

Andika kwanza nani anatoza nini. Serikali kuu ya Marekani inatoza yake. Jimbo la New York linatoza yake, na tangu 2021 kiwango cha juu kabisa ni asilimia 10.9, kwa mapato yanayozidi dola milioni 25; kabla ya hapo kilele kilikuwa 8.82. Jiji nalo linatoza wakaazi wake peke yao, kilele kikiwa asilimia 3.876. Zamani hata waliokuja kufanya kazi kutoka nje ya jiji walilichangia kidogo, lakini bunge la jimbo lilifuta kodi hiyo mwaka 1999. Kwa hiyo anayelala New Jersey, jimbo jirani ng'ambo ya mto, na kufanya kazi Manhattan, katikati ya jiji, hailipi New York City kodi ya mapato hata senti moja, ingawa jimbo la New York linaendelea kuutoza mshahara anaoupata Manhattan.

Hili lishike vizuri. Tajiri akivuka mto tu, anayeumia zaidi ni jiji. Akienda Florida, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, na kazi yake ikaenda naye, wanaumia wote wawili. Isitoshe, jiji haliwezi kupandisha kodi yake ya mapato mpaka Albany, makao makuu ya jimbo, ikubali: meya anaahidi, lakini kalamu iko kwa gavana na bunge la jimbo.

Nyongeza inagusa sehemu gani ya pato

Watu wengi hudhani ukipata dola milioni 1 na kidogo, asilimia 2 inakatwa kwenye pato lote. Sivyo. Kwa pendekezo lile la 2025, mwenye milioni 1 kamili angeongezewa sifuri. Mwenye milioni 1.5 angeongezewa dola 10,000. Mwenye milioni 5, dola 80,000.

Kuna jambo moja wanaopenda kodi hii hulisahau. Hadi 2017 ulichowalipa jimbo na jiji ulikiondoa kwenye pato lako kabla ya kukokotoa kodi ya serikali kuu, kwa hiyo Washington ilikubebea sehemu ya mzigo. Kuanzia 2018 makato hayo yaliwekewa ukomo wa dola 10,000. Mwaka 2025 ukomo ulipandishwa hadi 40,000, lakini kwa wenye mapato makubwa unashuka tena mpaka 10,000. Ukiacha njia maalumu waliyopewa wenye biashara za ubia, tajiri wa leo anaisikia kila dola ya nyongeza karibu yote. Utafiti wa kabla ya 2018 usome ukilijua hilo.

Wahame wangapi ndipo jiji lipate hasara

Ukiwa na muda wa hesabu moja tu, fanya hii.

Chukua watu 100, kila mmoja na pato la dola milioni 5. Leo kila mmoja anailipa hazina ya jiji takriban dola 193,800. Nyongeza ni 80,000. Anayebaki analeta 80,000 mpya. Anayeondoka anaondoka na 193,800 za zamani. Gawanya 80,000 kwa jumla ya 80,000 na 193,800. Unapata 0.29. Maana yake, wakihama 29 kati ya 100 jiji linabaki karibu palepale lilipokuwa. Wakihama 5, au 10, au hata 20, linakusanya zaidi kuliko mwanzo.

Rudia kwa wenye milioni 1.5. Kila mmoja analipa kama 58,000 na nyongeza ni 10,000, kwa hiyo mpaka uko kwenye watu 15 hivi kati ya 100. Yaani hatari ni kubwa zaidi kwa walio juu kidogo tu ya mstari, kwa sababu jiji linapata kidogo kutoka kwao na linaweza kupoteza kingi. Lakini haohao ndio wenye sababu ndogo ya kuhama. Sijaona familia inayong'oa watoto shule na kuuza nyumba kwa ajili ya dola 10,000 kwa mwaka.

Kisha rudia ukiwa umekaa kwenye kiti cha jimbo. Yule wa milioni 5 analilipa jimbo takriban dola 482,500. Akienda Florida na kazi yake, jiji na jimbo kwa pamoja wanapoteza zaidi ya 676,000, na sasa mpaka unashuka hadi watu 11 kati ya 100. Meya anaona 29, gavana anaona 11. Nusu ya ugomvi kati ya jiji na Albany imo kwenye tofauti hiyo.

Sasa linganisha na waliohama kweli

Mwaka 2016 Cristobal Young na wenzake walichapisha utafiti wa ritani za mamilionea wote wa Marekani kwa miaka 13. Kila mwaka, mamilionea waliohama jimbo walikuwa asilimia 2.4, ilhali kwa watu wote kwa jumla ilikuwa 2.9. Tajiri anahama kidogo kuliko mtu wa kawaida! Mimi halinishangazi. Pato la wateja wangu wakubwa limefungwa na mahali: wabia wao, wagonjwa wao, wanunuzi wao, ofisi yenye jina lao mlangoni.

Lakini usiishie hapo, maana kuna kazi zinazobebeka. Wanasoka ni mfano ulio wazi kuliko yote. Baada ya hukumu ya Bosman ya 1995 kuwafungulia milango ya kuhamia klabu za nchi nyingine za Ulaya, nchi za Ulaya zenye kodi nafuu zilivutia nyota zaidi wa kigeni, na Uhispania ilipowapa wageni kiwango cha asilimia 24 katikati ya miaka ya 2000, unafuu huo ukaitwa sheria ya Beckham. Meneja wa mfuko wa uwekezaji anakaribia kuwa mwanasoka. Daktari wa upasuaji hakaribii. Kwa hiyo uliza matajiri wa jiji lako wanapata pesa kwa kufanya nini.

Na uliza pia kama aliyesemwa amehama amehama kweli. Mwenye makao ya kudumu jijini akikaa humo zaidi ya siku 183 kwa mwaka anahesabiwa mkaazi, na kipande cha siku ni siku nzima. Anayedai amebadili makazi yake rasmi huchunguzwa: nyumba ipi ni kubwa, biashara anaiendesha kutoka wapi, familia iko wapi, na vile vitu vya moyoni, yaani picha za ukoo, michoro ya thamani, hata mbwa, vimelala wapi. Nimekaa na wateja tukipanga tiketi za ndege na rekodi za simu siku kwa siku. Ukisoma kwamba bilionea fulani amekwenda Florida, tafuta kama nyumba ya Manhattan imeuzwa.

Usiwasahau waliobaki

Hapa ndipo hoja ya upande wa pili ina nguvu, na ninaichukulia kwa uzito. California ilipandisha viwango vyake vya juu kwa kura ya 2012. Joshua Rauh na Ryan Shyu walipochunguza, walikuta waliohama kwa sababu hiyo ni wachache, chini ya asilimia 1 ya walipakodi wa ngazi ya juu. Hata hivyo asilimia 45.2 ya mapato mapya yaliyotarajiwa ilipotea mwaka wa kwanza, kwa sehemu kubwa kwa sababu waliobaki walionyesha pato dogo zaidi. Mwenye hisa anaweza kuahirisha kuziuza. Mwenye kampuni anaweza kubadili lini na vipi anajilipa. Kwa hiyo ahadi yoyote ya makusanyo ikate vizuri kabla ya kuiamini. Mimi hukata nusu. Nusu iliyobaki bado ni pesa nyingi.

Hatari nyingine ni kuegemea watu wachache. Asilimia 1 ya juu ya walipakodi wa New York City hulipa karibu asilimia 40 au zaidi ya kodi ya mapato ya jiji. Mwaka 2016 New Jersey ilionywa kwamba makadirio yake yanaweza kuyumba kwa kuondoka kwa tajiri mmoja tu. Jiji linalopandisha kodi hii bila akiba ya mwaka mbaya wa soko la hisa linajitafutia msiba, hata asipohama mtu.

Watu hukimbia jiji kwa sababu zipi

Kati ya sensa ya 1970 na ya 1980 New York ilipoteza zaidi ya watu 800,000, na 1975 ilikaribia kufilisika. Kodi zilikuwa juu, ndiyo. Lakini viwanda vilikuwa vinafungwa, uhalifu ulipanda, vitongoji vilivuta familia kwa barabara mpya na mikopo ya nyumba, na jiji lilikopa kulipia matumizi ya kawaida. Nikiweka hayo kando ya asilimia 2, siwezi kusema kodi peke yake ndiyo inayolivunja jiji. Huduma mbovu huwaondoa hata wasioguswa na nyongeza hiyo.

Ndiyo maana hatua yangu ya mwisho ni kufuata pesa. Massachusetts ilipitisha kwa kura Novemba 2022 nyongeza ya asilimia 4 kwa mapato yanayozidi dola milioni 1, ikaandika kabisa kwamba ni ya elimu na usafiri. Katika mwaka wa fedha wa 2024 ilikusanya zaidi ya dola bilioni 2, wakati iliyopangiwa matumizi ilikuwa bilioni 1. Kwa jiji lako, fungua bajeti ya mwaka wa pili baada ya nyongeza. Tafuta fungu la shule au la mabasi, utoe fedha mpya, uone kama fedha ya zamani bado ipo au imeondolewa kimyakimya kwenda kuziba shimo lingine.